Aliyekuwa Akilia Katika Mizinga ya Baba

Tangu nirudi nyumbani nimesimuliwa safari yangu na watu ambao hawakuwapo. Wa kwanza alisema nilikwenda Kibwezi kwa mganga. Wa pili alisema nilibeba nyoka ndani ya kopo. Juzi, baada ya ibada, mzee mmoja ninayemheshimu aliniuliza kama ni kweli kwamba marehemu baba yangu amezungumza. Kwa hiyo nimeona ni heri niandike mwenyewe, niwape ninyi rafiki zangu mliouliza kwa nia njema. Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyoambiwa nitasema niliambiwa. Naomba msomaji naye asiongeze chumvi.

Kathiani

Ujumbe wa kaka yangu Kilonzo ulinifikia katika majuma ya kwanza ya mvua ile ya El Niño, ukiwa umekwisha kupita katika vinywa vitatu. Kilonzo ndiye mkubwa wangu. Anaishi upande wa Kibwezi, ambako baba yetu alihamia na mizinga yake wakati ardhi ya Kathiani ilipokuwa finyu, nami nikabaki huku kwa sababu ya shule. Ujumbe ulisema hivi: mizinga ya baba inalia. Kila magharibi hutoka humo sauti kama ya mtu aliyebanwa, nyuki wanahama, na Kilonzo ameazimia kuiteremsha yote na kuichoma mara tu mvua itakapokatika.

Mizinga ile ndiyo iliyonisomesha. Ninyi mlionijua nikiwa mkaguzi wa shule mwenye tai na kiatu kinachong'aa, hamkumwona baba akichonga gogo kwa tezo asubuhi nzima, akiligeuza na kulipulizia vumbi kama mtu anayemnawisha mtoto. Hamkumwona akilichoma gogo hilo kwa chuma cha moto ili alama ya ukoo wetu ikae. Koti lake lilinuka moshi na nta mwaka mzima, na mimi darasani nilinuka hivyo hivyo, nikachekwa, na sikuumia, kwa kuwa wenzangu waliokuwa wakinicheka walijua pia kwamba kwetu kuna asali. Kuichoma mizinga hiyo kwa sababu ya sauti ambayo hakuna aliyemwona mwenye kuitoa lilikuwa jambo nisiloweza kulinyamazia.

Sasa, katika juma lile lile nilikuwa nimekuta kiwavi katika viazi vyangu. Alikuwa mnene kuliko kidole changu cha kati, wa rangi ya manjano, na ubavuni alikuwa na mistari ya mshazari ya rangi ya zambarau. Mkiani alikuwa na pembe iliyojikunja, yenye chunusi kama ngozi ya limau. Nilipomgusa alitoa mlio mdogo wa kukatakata, kama mtu anayegonganisha meno. Nilipokuwa nikifundisha biolojia niliwahi kusoma kwamba wapo nondo wakubwa, wenye kuruka kwa nguvu kama ndege, na kwamba mmoja wao huingia mizingani kuiba asali na hulia akiguswa. Niliwahi kusoma, sikuwahi kuona. Kusoma nako ni kuambiwa, ila na mtu aliye mbali.

Hata hivyo niliwaza: iwapo kiwavi huyu ni mtoto wa nondo yule, basi sina haja ya kubishana na Kilonzo. Nitampelekea mnyama mwenyewe, na alie mbele yake. Nikamtia katika kopo la mafuta ya kupikia, nikatoboa kifuniko, nikaweka majani ya viazi, nikaondoka.

Machakos, mvua isiyokatika

Nilikusudia kulala usiku mmoja tu kwa binti yangu Ndanu, ambaye ni mshonaji mjini. Nilikaa hadi akanishonea suruali mbili. Barabara ya kwenda chini ilikuwa imegeuka mto, na kila dereva niliyemwendea alinitazama kama mtu anayeomba kupelekwa mwezini. Jambo moja tu lilinituliza: mvua iliyonizuia mimi ilikuwa ikiuzuia moto pia. Kilonzo hawezi kuchoma magogo yaliyolowa. Nilipoamka na kusikia bati likipigwa, nilikasirika na kushukuru kwa pamoja.

"Baba, hicho kitu kinauma," Ndanu alisema siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni.

"Nani amekwambia?"

"Watu wote wanajua. Pembe yake iko na sumu."

"Watu wote ni nani? Nitajie mmoja aliyeumwa."

Niliweka kidole changu juu ya pembe ile, nikakiacha hapo. Haikufanya lolote. Ni laini.

Majani ya viazi yalipokwisha, Ndanu alileta sukuma wiki. Kiwavi akazunguka jani, akalipanda, akalishuka, akakataa katakata. Nikakumbuka kwamba viazi, nyanya, biringanya na managu ni jamii moja, nikaenda sokoni kununua managu. Mama aliyekuwa akiuza akafunga fungu.

"Mzee, hii utapika na maziwa ama krimu?"

"Haipikwi."

"Haipikwi? Sasa inaliwa aje?"

"Inaliwa mbichi."

"Na nani?"

"Na mgeni wangu."

"Aiya! Mgeni gani huyo, mbuzi?" Safu nzima ya akina mama ikacheka.

"Mbuzi ana miguu minne," nilimjibu. "Huyu ana zaidi."

Tangu hapo kila nilipopita niliulizwa kama mgeni ameshiba, na fungu langu likawa nene kuliko la wengine. Kiwavi alikula managu usiku na mchana, na Ndanu alidai kwamba akizima redio humsikia akitafuna. Nilisikiliza mwenyewe. Ni kweli.

Nilikwenda pia katika shule moja niliyowahi kufundisha, nikaruhusiwa kukaa maktabani na kitabu chenye picha za wadudu. Kitabu hakikunipa jibu moja bali mawili. Wapo nondo wawili ambao viwavi wao hufanana kwa jicho lisilozoea: mmoja ni wa viazi vitamu, asiyekuwa na habari na asali, na wa pili ni yule mwizi wa mizingani. Tofauti iliyo wazi zaidi hujitokeza mdudu akishaacha kuwa kiwavi na kulala akiwa pupa ndani ya gamba. Pupa wa yule wa viazi vitamu ana kitu kilichojikunja mbele kama mpini wa jagi, ambamo mrija wake mrefu wa kunyonyea hutengenezwa. Pupa wa mwizi hana mpini huo, kwa kuwa mrija wake ni mfupi na mnene, wa kutobolea nta. Niliridhika. Hapo palikuwa na jambo la kutazamwa, si la kusadikiwa.

Kisha asubuhi moja kiwavi akaacha kula. Rangi yake ya manjano ilikuwa imechujuka ikawa ya matope, mwili umelowa kama mwenye homa, na alikuwa akizunguka kopo bila kupumzika, kichwa chini, akisukuma pembeni. Ndanu alisema anakufa. Nilidhani hivyo pia, nikafadhaika kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu kufadhaika kwa ajili ya mdudu. Ila niliona kwamba anasukuma chini tu, hasukumi juu. Nikajaza kopo udongo kutoka katika chungu cha maua cha Ndanu. Akapiga mbizi humo kama fuko, na kabla ya chai kuchemka hakuonekana tena.

Sokoni waliponiuliza habari za mgeni nikasema, "Hali tena. Ameingia udongoni."

Vicheko vilikatika. Yule mama wa managu akaweka mikono kifuani. "Pole sana, mzee. Na vile alikuwa anakula vizuri." Nilijaribu kueleza, lakini mmoja alikuwa amekwisha kupitisha leso katika safu, na sote tunajua kwamba watu wetu wakishaanza kuchanga hawasimamishwi kwa biolojia. Nilirudi nyumbani na sukari na majani ya chai ya matanga. Ndanu alicheka hadi akakaa sakafuni, na mimi, nakiri, nilikunywa chai ile.

Nilingoja hadi nilipokuwa na hakika kwamba gamba limekauka, ndipo nikafukua kwa kijiko. Pupa alikuwa amelala katika kichumba alichojisilibia mwenyewe, wa rangi ya mninga uliopigwa msasa, aking'aa. Nilimgeuza dirishani. Mbele palikuwa laini tupu, hapana mpini. Nikamrudisha alipokuwa, na siku hiyo hiyo nikapata lori la mchanga lililokuwa tayari kujaribu njia.

Konza

Lori lilijaribu njia hadi Konza. Mbele kidogo daraja lilikuwa limebebwa na maji, na magari ya Mombasa yalikuwa yamesimama kwa foleni ambayo mwisho wake sikuuona. Pande zote ni mbuga ya ng'ombe, majani yamefika magotini, na swala wametulia mbali kana kwamba barabara ni yao. Nilikaa juu ya jiwe, kopo mapajani, hadi mtu mmoja mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina aliponijia.

"Wewe mzee, unakaa kwa mvua kama mzigo umesahauliwa. Kuja ndani."

Huyo ndiye Abdi, mfanyabiashara wa mifugo, aliyekuwa na lori lake na kibanda cha turubai karibu na zizi. Alikuwa akienda Emali kununua mbuzi na kuendelea hadi Kibwezi. Kwa muda wote tuliongoja pale nililala kwake, nikala mkate wake mwembamba wa anjera kwa chai ya maziwa yenye iliki, na mara mbili nyama ya mbuzi aliyoikata vipande vidogo bila kusema neno, baada ya kuona meno yangu. Hakuniuliza nina kabila gani wala dini gani. Aliniuliza kuhusu kopo.

"Dawa?"

"Hapana."

"Dhahabu?"

"Udongo."

Abdi alifikiri. "Kwa hivyo umebeba udongo ya Machakos unapeleka Kibwezi. Kibwezi hakuna udongo?"

Nikamweleza yote: baba, mizinga, sauti, kaka. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi. Mwishowe akasema, "Na kama huyu mdudu yako akitoka asilie?"

"Basi nitakuwa nimekosea, na nitamwambia kaka yangu hivyo."

"Sasa hiyo ni safari," alisema, akanimiminia chai nyingine.

Nilikuwa nimesimika kijiti koponi ili nondo apate pa kupanda. Alasiri moja, Abdi akiwa ametoka tu kusali, udongo ukatikisika. Kilichotoka hakikuwa nondo kwa mtazamo wa kwanza. Kilikuwa kitu kama panya mdogo aliyelowa, mwenye manyoya, na mabawa yaliyokunjamana yasiyofika popote. Kikapanda kijiti na kuning'inia.

"Maskini, amezaliwa kilema," Abdi alisema.

"Ngoja."

Tulingoja hadi chai ikapoa mbele yetu. Mabawa yalijaa polepole, kama turubai linalovutwa na watu wasioonekana, yakateremka, yakanyooka. Ya mbele yalikuwa ya hudhurungi na nyeusi, mfano wa gome la mti. Ya nyuma yalikuwa ya manjano, na tumbo la manjano lilikuwa na pete nyeusi kama la nyuki. Kisha akageuka, na mgongoni, nyuma ya kichwa, tukaona alama ile: paji, matundu mawili ya macho, taya. Ni fuvu la kichwa cha mtu. Si kwamba linafanana kwa mbali. Linafanana kwa karibu zaidi. Ni manyoya tu yaliyojipanga kwa rangi, lakini niliyatazama kwa muda mrefu nikiwa nimeshikilia miwani.

Nikanyoosha kidole nikamgusa. Alilia. Ilikuwa sauti nyembamba, kali, ya kukatika, yenye malalamiko. Nywele za mikono yangu zilisimama, na siandiki hilo kwa kujifurahisha.

"Astaghfirullah! Ameongea!"

"Hajaongea," nilisema. "Amepuliza hewa kooni."

"Sasa mzee, si hivyo ndivyo watu huongea?"

Nilimpa nondo asali katika ncha ya ubua, akaunyoosha mrija wake mfupi mweusi, akanywa, nami nikaona kwa macho yangu kilichokuwa kimeandikwa.

Asubuhi yake jua lilitoka, likatoka kweli, anga lote likawa bluu. Madereva walishangilia. Mimi peke yangu sikushangilia, kwa kuwa jua lile lilikuwa likiyakausha magogo ya baba Kibwezi.

Kwenda chini

Watu walijaza pengo la daraja kwa mawe siku ile yote, Abdi akiwaongoza kana kwamba ni ng'ombe. Nilimsihi aharakishe. "Hata moto unataka kukauka kwanza, mwalimu," alinijibu, lakini lori lake lilikuwa la kwanza kuvuka. Alinikalisha mbele. Emali hakushuka kununua mbuzi. Alisema mbuzi watamngoja, mbuzi hawana kazi nyingine. Aliniteremsha kwenye njia ya kwenda kwa Kilonzo mchana uliofuata, akaliangalia kopo na kusema, "Ukimaliza, mwambie asalamu aleikum." Sijui alimaanisha kaka yangu au nondo.

Nilipopanda kilima kidogo nikaona moshi.

Chini ya mizinga

Shemeji yangu Mbithe alinipokea njiani akiwa na ndoo. "Mwalimu, afadhali umekuja. Ongea na yeye. Kila magharibi anaenda kukaa pale chini ya miti, halafu anarudi hali chakula."

Kilonzo alikuwa amepiga magoti uani mbele ya lundo la mizinga iliyokuwa imehamwa na nyuki. Alikuwa amemwaga mafuta ya taa. Mafuta yaliwaka yakaisha, na magogo, yaliyokunywa mvua ya msimu mzima, yalitoa moshi mweupe tu, hayakushika. Alama ya ukoo wetu ilikuwa imeungua pembeni katika mzinga mmoja. Hakuinua macho.

"Musyoka. Umefika saa nzuri. Njoo unisaidie kupuliza."

"Sikuja kupuliza, kaka. Nimekuja kuuliza."

"Wewe na maswali yako." Lakini akakaa chini.

Nikamuuliza sauti ilianza lini. Akasema tangu abadilishe vifuniko, kwa kuwa vya zamani vililiwa na mchwa. Nikamuuliza tundu la mlango alilitoboa la kiasi gani. Akainua kidole gumba.

"Kubwa hivyo?"

"Mwaka huu maua ni mengi, hata wewe umeona. Nyuki walikuwa wanapanga foleni mlangoni na mizigo yao. Niliwahurumia."

Hapo nilimwona baba, dhahiri, juu ya mti wa mkuyu, akiwa na bonge la nta mdomoni ili lilainike. Kabla ya kuteremka daima alipima tundu kwa kidole chake kidogo, na kama kilipita alisiliba nta hadi kikataa. Hakutuambia sababu. Labda naye alifundishwa bila sababu. Sikuweza kumkasirikia Kilonzo.

"Na kwa nini unachoma?"

Kaka yangu aliutazama moshi. "Baba hapumziki. Nimemsikia. Mtu hulia hivyo akiwa amefungiwa. Watu wanasema ni laana, mimi sisemi laana. Nasema mizinga yake imemshika, aliipenda mno. Ikiungua atatoka."

Rafiki zangu, nilikuwa nimejiandaa kupambana na ujinga. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilifungua kopo kwa sababu sikujua jambo jingine la kufanya. Nikamwekea nondo kiganjani, nikamwambia afunge vidole kidogo. Nondo akalia.

Kilonzo hakuruka. Aliinamisha sikio kama anayepokea siri.

"Ndiye," alisema. "Ndiyo sauti yenyewe."

Nikamweleza: yai juu ya jani, kiwavi wa viazi, udongo, gamba, mabawa; kwamba huyu huvutwa na asali, na tundu lenye upana wa gumba humpitisha; kwamba nyuki wakimsumbua hulia. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hivyo si baba."

"Si baba."

"Hata siku moja haikuwa baba?"

"Hata siku moja."

Akafungua mkono. Nondo alitetemesha mabawa kwa kitambo, akijipasha moto, kisha akaruka juu ya lundo, akapotea kuelekea mitini. Mbithe alimwaga maji ya ndoo juu ya magogo bila kuombwa.

Siku zilizofuata tulifanya kazi. Kilonzo bado hupanda miti. Alisiliba milango ya mizinga iliyokuwa bado mitini kwa nta na udongo hadi kidole chake kidogo kilipokataa, mzinga mmoja baada ya mwingine, na magharibi ya kwanza baada ya hapo miti ilikuwa kimya. Nyuki waliingia wakipishana kama ipasavyo. Nilitarajia kufurahi. Kaka yangu alikaa chini akiwa amekumbatia magoti, akisikiliza pasipo na kitu.

Ulibaki mzinga mmoja, ule wa mbali kwenye mgunga. Asubuhi aliposimama chini yake hakupanda.

"Musyoka, huu tuuache."

"Ataingia. Ataiba asali yote iliyomo."

"Si aibe? Baba alikuwa anakula zaidi."

Mnanijua. Maisha yangu yote nimewaambia watoto wa watu kwamba kosa likijulikana hurekebishwa, halibembelezwi. Nilichukua nta kutoka mkononi mwake, nikaitia mfukoni mwangu, tukarudi kunywa uji.

Jioni ya mwisho kabla sijaondoka tulikwenda sote wawili, tukakaa chini ya mgunga. Giza lilipoanza kuingia alipita mmoja juu yetu, mzito, akagusa mlango, akaingia. Muda mfupi baadaye mzinga ulilia. Nilijua ni nondo. Nilikaa hadi aliponyamaza.